Mwaka Nilipombeba Rispa

Simu ilinipata nikiwa kwa kinyozi, shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa. "Bwana asifiwe, ndugu Ayub," sauti ya msichana ikasema, sauti ya ofisi, iliyopigwa pasi. Akasema anapiga kwa niaba ya Askofu Ezra Mutinda. Kundi la Wakwezi, sisi vijana wa kanisa tuliopanda mlima, linatimiza robo karne, kutakuwa na chakula cha mchana katika hoteli moja mjini, Jumamosi ya wiki ijayo, na Askofu ameomba nisimame nitoe ule ushuhuda. "Upi?" nikauliza. "Ule wa dada Rispa," akasema. "Askofu amesema utoe vile ulitoa ule mwaka. Usiongeze, usipunguze. Na mama wa marehemu atakuwa ameketi mbele, tumemtengenezea picha kubwa ya zawadi." Kinyozi akasimamisha mashine, akaniuliza, "Nimekukata, mzee?" Nikamwambia hapana, maliza tu.

Kwa hivyo naandika. Shule niliacha darasa la sita, anayesoma hapa asitafute maneno ya vitabuni. Nilicho nacho ni kumbukumbu na hasira, na vimekaa pamoja ndani yangu muda mrefu mpaka vikashikana kama nyama zilizogandana kwenye friji, huwezi kutoa moja bila kuchana nyingine. Na majina nitataja. Watu wa umri wangu wakisimulia mambo yao husema "kiongozi mmoja", "dada fulani". Mimi sina fulani. Rispa Nekesa aliuawa na watu watatu. Wa kwanza ni Ezra Mutinda, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa vijana, ambaye leo watu wanambusu pete. Wa pili ni Winfred Mwende, aliyekuwa katibu na mshika jiko la safari, ambaye leo ni mke wa Askofu na huvaa kofia kubwa. Wa tatu nitamtaja akifika. Mlima wenyewe siutaji jina. Uko ng'ambo ya mpaka, Tanzania, umekaa palepale, na haukumwita mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mbebaji katika kichinjio kimoja huko Dagoretti. Kazi yangu ilikuwa kutoa mbuzi kwenye lori wakiwa hai, na kupakia nusu za ng'ombe kwenye magari ya mabucha wakiwa wamekufa. Wenzangu waliniita Mabega. Alfajiri nilivaa koti jeupe, kufikia saa nne lilikuwa jekundu, na jioni nilioga kwa sabuni ya kipande mara tatu na bado mtu akiketi karibu nami kanisani alisogea kidogo, kwa adabu, kama anayetafuta ukurasa wa Biblia. Rispa peke yake hakusogea. Yeye alisema wazi, "Bradha Ayub, unanuka ng'ombe," halafu akabaki palepale. Sijui kama leo kuna kijana anayeelewa kitu hicho ni kikubwa namna gani, mtu kukwambia kasoro yako kisha asiondoke.

Kanisa letu lilikuwa Mutuini, la mabati, katikati ya shamba la mtu la sukuma wiki. Nyuma kulikuwa na chumba cha vijana, ukuta wa mbao, viti vya plastiki vilivyopasuka migongo, na kwenye ukuta Ezra alikuwa amebandika picha ya ule mlima iliyokatwa kwenye kalenda. Yeye alifanya kazi ofisini mjini, alivaa tai hata Jumamosi, na akiongea ungedhani amekuona wewe tu. Alitwambia vijana wa Ulaya wanakuja kwetu kila mwaka kupanda milima na kujenga shule, sisi tumebaki kuwapungia mikono. "Kwani sisi miguu yetu ni ya nini?" akauliza. "Ya kungoja wageni?" Watu wakapiga makofi. Hata mimi. Mpango ulikuwa twende Tanzania mwezi wa Desemba, siku tatu tufanye kazi ya kujitolea kwenye shule ya watoto wadogo kijijini, kisha tupande mlima mpaka kilele, tupige picha na bango la wafadhili. Watu kumi na mmoja. Nilipoona jina langu kwenye orodha niliona kama nimezaliwa upya bila kuzamishwa majini.

Furaha hiyo ilikaa siku nne. Jumatano nilitangulia kupanga viti, na Ezra na Winfred walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nikamsikia Winfred, "Lakini Ezra, Ayub? Huyo hata fomu hawezi kujaza." Ezra akacheka polepole. "Sista, hatumpeleki kujaza fomu. Umeona ule mgongo? Wapagazi wa huko wanataka hela kwa kila begi. Huyu ni wetu, ataimba huku amebeba." Wakacheka wote wawili. Nikaendelea kupanga viti. Mtu atauliza, kwa nini hukuondoka? Kwa sababu jina la Rispa lilikuwa juu ya langu kwenye ile orodha, na mimi sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa ule wa kutoka kwetu Bungoma kuja Nairobi.

Rispa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Kileleshwa. Nyuma ya maghorofa, karibu na matangi ya maji, kulikuwa na vyumba vya wafanyakazi, kimoja chake: kitanda, stovu ya mafuta ya taa, sanduku, na dirisha dogo lililotazama ukuta. Siku za Alhamisi jioni mwajiri wake alichelewa, nami nilimpelekea matumbo niliyoyafunga kwenye gazeti, tukayachemsha mlango ukiwa wazi ili majirani wasitunge hadithi. Chai yake ilikuwa ya maziwa matupu, tone la maji halikuguswa. Chai ya rangi hakuitaka hata ukimlipa. "Hiyo ni ya watu wamefiwa," alisema. Jirani yake, mama mmoja wa Kitui, alikuwa akipita na kupiga kelele, "Rispa, huyo Mabega atakuoa lini, ama anakula tu?" Naye anamjibu, "Acha ale kwanza, mama. Mtu mwenye njaa haapi vizuri." Mambo kama hayo. Sikumwambia neno lolote la mapenzi mwaka ule. Nilidhani mlimani nitapata nafasi, hewa ikiwa safi.

Mazoezi tulifanya mjini, siku za Jumamosi asubuhi, kwenye ngazi za jengo la ofisi alimofanya kazi Ezra. Ghorofa kumi na mbili, lifti imezimwa. Kila mtu alibeba begi la unga, mimi nilibeba gunia la matofali, ati nizoee. Mlangoni kulikuwa na askari mmoja mzee, mtu wa kwetu. Mara ya kwanza alituangalia tukipanda, tukishuka, tukipanda tena, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Nyinyi, mnatafuta kazi ama juu kuna moto?"

"Tunafanya mazoezi ya mlima, mzee," Winfred akamwambia.

"Mlima! Kwetu mtu anapanda mlima akifuata ng'ombe. Akipanda bila ng'ombe tunamtafutia daktari."

"Ng'ombe ni huyu nyuma," Rispa akasema, akinionyesha na matofali yangu, na ngazi zote zikajaa kicheko. Nilicheka pia. Nikipita mbele ya jengo hilo siku hizi naangalia juu nikihesabu madirisha mpaka la nne, pale ambapo alikuwa akisimama kupumua, mkono kiunoni. Kifua chake hakikuwa na nguvu hata kwenye ngazi. Kila mtu aliliona jambo hilo. Ezra alisema ni uvivu unaotoka.

Asubuhi ya kuondoka mama yake alikuja uani mwa kanisa na kikapu. Nilimwita Mayi, kama tunavyoita mama kwetu. Alikuwa mjane, alipanga chumba hapo Mutuini na kuuza mboga, na Rispa alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki hai. Alinipa mimi kikapu, si yeye. Ndani kulikuwa na njugu alizokaanga na chumvi, na mayai yaliyochemshwa, yamefungwa moja moja kwenye karatasi kama vikombe vya mtu anayehama. "Wewe ndiye mwenye akili ya tumbo," akaniambia. "Huyu wangu akisikia neno kufunga anasahau ana mwili. Hakikisha amekula. Nimekuachia wewe." Nikasema, "Nimeshika, Mayi." Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeshika.

Kijijini tulilala kwenye darasa, wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine, mstari wa madawati katikati. Asubuhi uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, mchana ndizi za kupika. Kazi ilikuwa kupaka rangi kuta. Tulipaka kijani. Nilipokuwa nakwangua ukuta wa nyuma niliona chini ya buluu kuna njano, na chini ya njano kuna kijani hichohicho chetu. Nikamuuliza mwalimu, mama mmoja mpole. Akacheka akiwa ameziba mdomo. "Kila mwaka wanakuja wageni, kaka yangu. Tunawashukuru. Ila choo ndicho kimebomoka." Nikamwambia Ezra tutengeneze choo. Akasema bango la wafadhili limeandikwa "darasa". Rispa alichukua jembe akaenda kuchimba na wamama wa pale, siku mbili, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuna picha yake ya siku hizo. Aliyekuwa na kamera alikuwa kwenye kijani.

Siku ya mwisho kijijini, baada ya uji, Ezra akatukusanya. Akasema Bwana amemwonyesha kwamba mlima huo hautapandwa kwa miguu. Tutafunga. Hakuna chakula mpaka kilele, maji asubuhi na jioni tu, na huko juu ndiko tutakapovunja mfungo, mkate na juisi, mbele ya kamera. Siku mbili za kupanda, ya tatu ya kuzoea hewa kwenye kibanda cha mwisho, na ya nne ya kilele. Watu wa nje wanaweza kucheka, lakini sisi tulikuwa tumelelewa hivyo. Kwetu mtu akitaka kazi anafunga, akitaka mchumba anafunga, mtoto akitaka kufanya mtihani mama anafunga. Hakuna aliyetufundisha kwamba kuna mahali mwili ukiachwa bila kitu hauinuki kiroho, unaanguka tu. Mzee Lema, aliyekuwa kiongozi wetu wa njia, mtu wa pale mwenye kofia ya sufu na maneno machache, alisikiliza yote, kisha akauliza, "Mnasema kweli ama mnatania?" Ezra akamwambia, "Mzee, wewe tuongoze njia." Akatikisa kichwa akaenda kufunga kamba.

Nilibeba begi langu, begi la Ezra, na sufuria. Siku ya kwanza msituni mvua ilitupiga, nikafungua begi la Ezra nilifunike vizuri, nikaona kopo la glukosi na pakiti mbili za biskuti, moja imefunguliwa. Nikafunga. Nilidhani viongozi wana ruhusa yao. Jioni ile Rispa akaja nilipokuwa nimeketi nyuma ya kibanda, akaketi juu ya jiwe. Nikatoa kikapu. "Kula," nikamwambia, "nimeahidi mama yako." Akasema, "Wewe ndiye unabeba. Mungu hawezi kukasirikia punda. Kula wewe, mimi nimeweka nadhiri." Nikamwomba tena, mara moja. Mara moja tu. Halafu nikala. Nilikula yai la kwanza nikiwa na aibu na la pili nikiwa na njaa, na la tatu sikuwa na kitu chochote ila raha. Siku ya pili nikamaliza njugu. Alikuwa anakaa pembeni akiniangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake akila, akisema, "Za mama hizo. Ameweka chumvi nyingi, sindio?" Wa tatu ndiye huyo hapo, nimesema nitamtaja. Ayub Wafula. Wengine walimnyima chakula kwa maneno. Mimi nilikila.

Siku ya tatu alfajiri, katika kibanda cha mwisho kabla ya kilele, Rispa hakuamka. Yaani aliketi, lakini hakuamka. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, alikohoa kitu chenye povu, na kifua chake kililia kama chupa inayomiminwa. Mzee Lema alimtazama mara moja. "Dada huyu ashuke. Sasa hivi, siyo baadaye. Nitamshusha mimi, mwenzangu atabaki nanyi." Ezra alikuwa ameshika Biblia. "Mzee, wewe unaona mwili," akasema. "Hii ni vita. Huyu adui anataka kutugawanya tukiwa mlangoni. Tumwombee kwanza." Kibanda kilikuwa cha mbao, vitanda vya ghorofa pande mbili, harufu ya soksi zenye maji na mafuta ya stovu. Tukamzunguka. Tukaweka mikono kichwani, mabegani. Tuliimba, tulikemea, Winfred alilia. Mzee Lema alitoka, akaingia, akatoka, akaingia. "Mlima haukimbii, jamani," alisema mara moja kwa sauti kubwa. Hakuna aliyefungua macho.

Katikati ya wimbo mmoja Rispa alisema kitu. Mimi nilikuwa karibu, nikainama. Akasema, "Sitaki maombi. Nataka chai." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, safari hii kila mtu alisikia, "Mnipe chai, tafadhali. Ya maziwa." Na chai ilikuwepo, msomaji. Mzee Lema na mwenzake hawakuwa wamefunga, Winfred alikuwa amewapikia ya maziwa ya unga, thamosi ilikuwa juu ya meza, hatua tatu. Winfred akaiangalia. Akamwangalia Ezra. Ezra akatikisa kichwa hivi, kidogo, macho yakiwa yamefumbwa nusu. Akasema, "Sista, usivunje mfungo mlangoni." Winfred akaishika ile thamosi, akaiweka chini ya kitanda. Najua chai haingemponya. Daktari aliniambia baadaye ni maji yaliyojaa mapafu, dawa yake ni kushuka tu, na mfungo ulimwongezea udhaifu. Lakini mimi naikumbuka ile thamosi kuliko mapafu. Ilikuwa nyekundu, ina maua.

Ilikuwa imepita saa saba mchana Mzee Lema alipoingia mara ya mwisho. Hakumwangalia Ezra. Alininyooshea kidole mimi. "Wewe mwenye mgongo. Unaamini nini?" Nikamwangalia Rispa. "Basi chuchumaa," akasema. Akamfunga Rispa mgongoni mwangu kwa blanketi na kamba, miguu pande zote mbili, kama mtoto anavyobebwa, tukatoka. Hakuna aliyetuzuia. Nyuma yangu walianza wimbo mwingine.

Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimezoea nusu ya ng'ombe. Tulishuka kwenye mawe, Mzee Lema mbele akinionyesha pa kukanyaga, na Rispa aliegemeza shavu hapa, nyuma ya shingo, upande wa kushoto. Kwa muda alikuwa na maneno. "Leo hunuki ng'ombe," akasema. Nikamwambia ni mvua. Baadaye akauliza, "Huko chini kuna chai?" "Iko." "Ya maziwa?" "Ya maziwa, Rispa, nitakupikia mwenyewe." Sasa nataka niseme kitu ambacho wabebaji wa Dagoretti pekee wanakijua. Mbuzi aliye hai ukimbeba anajishikilia. Hata awe mgonjwa, hata awe amefungwa, mwili wake unajipanga juu ya mgongo wako, unakusaidia kidogo. Akifa, anamwagika. Uzito ni uleule, lakini ghafla wote ni wako. Tulikuwa tumeona miti ya kwanza ya msitu, jua bado liko, ndege wanalia, aliponimwagikia. Sikusimama. Nilijua na sikusimama, nilitembea mpaka langoni mwa hifadhi nikiongea naye habari za maziwa, Mzee Lema akiwa mbele hajui, au anajua.

Kesho yake asubuhi wao walifika kileleni na mwenzake Mzee Lema. Picha ipo, ndiyo iko kwenye kadi ya mwaliko: watu tisa, bango limenyooshwa, Ezra ameinua mkate, Winfred anacheka meno yote. Rispa wakati huo alikuwa chini ya shuka kwenye zahanati, nami nimeketi nje juu ya tofali. Waliposhuka nikawaambia. Nitampa Ezra haki yake, alilia. Alipiga magoti kwenye changarawe akalia kama mtoto. Kisha akajipangusa, akanichukua pembeni, akaniuliza, "Nani anajua alikuwa amefunga?" Nikasema sisi. Akaniwekea mkono begani. "Ayub, ndugu yangu. Huyu mama ana huyu mmoja tu. Ukimwambia alikufa njiani, na njaa, utamuua pia. Tutasema alifika hospitalini. Alikula, alitibiwa, akaondoka kwa amani. Wewe ndiye ulikuwa naye, watakuamini wewe." Na maneno ya mwisho alinitungia yeye, palepale: kwamba Rispa alifumbua macho akasema, "Nauona mlango uko wazi."

Jumapili ya maziko nilisimama mbele ya kanisa na suruali ya kuazima nikayasema. Mtu wa darasa la sita, sijawahi kushika maiki. Wamama walilia "Amen". Mayi hakulia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusikia redio ya jirani. Ilipofika mwezi wa pili Ezra alinipatia kazi ofisini kwao, kufagia na kupeleka barua. Nikavua koti jeupe, nikavaa la buluu, nikapanda zile ngazi kila siku miaka kumi na minane, mpaka wakafunga ofisi.

Na kila Desemba Mayi aliniita. Alichinja kuku, akasonga ugali wa wimbi, na mimi, mtu nisiyekuwa na undugu naye, akanipa firigisi. Sisi twaiita imondo. Kwetu haipewi mtu hivihivi, ni ya mwenye nyumba, na nyumba isipokuwa naye ni ya mwanamume ambaye nyumba inamwegemea. "Wewe ndiye ulimbeba," alisema, akiiweka juu ya ugali wangu. Halafu aliuliza lilelile. "Njugu zangu alikula?" "Alikula, Mayi." "Na chumvi haikuwa nyingi?" "Ilikuwa sawa." Nikatafuna. Miaka ishirini na nne nimetafuna.

Baada ya ile simu sikungoja Desemba. Jumapili nikaenda Mutuini. Shamba la sukuma wiki sasa ni maghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa mpaka juu, lakini chumba cha Mayi kipo palepale, pazia lilelile la maua, kalenda za miaka iliyopita zimepangwa ukutani kwa ajili ya picha. Amezeeka, magoti yamekataa. Alikuwa ameshaambiwa habari za hoteli, na gauni lilikuwa limening'inizwa mlangoni. Aliponiona akamtuma jirani amshikie kuku. Nilimwambia asijisumbue, akaniambia ninyamaze. Tukaongea habari za bei ya mkaa. Kisha chakula kikaja, nikanawa, akaiweka imondo juu ya ugali wangu.

Nikaisukuma sahani.

"Nimekukosea nini?" akauliza. Kwetu hakuna swali lingine mtu anaweza kuuliza hapo.

"Hapana, Mayi. Ni mimi sistahili."

Nikamwambia yote, kwa mpangilio huu niliouandika: mfungo, kibanda, thamosi, Ezra na Winfred kwa majina yao, miti ya kwanza ya msitu. Sikumwangalia. Niliangalia imondo, mafuta yake yakianza kuganda. Nilipomaliza, nje watoto walikuwa wanacheza kati kwa mpira wa makaratasi.

"Hospitali hakufika," akasema.

"Hakufika."

"Alisema nini, mwisho?"

"Aliuliza kama huku chini kuna chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Akainua leso akapangusa mdomo wake, si macho. "Huyo ndiye yeye," akasema. "Miaka yote hii najiuliza ni mtoto wa nani huyo aliona mlango. Mimi simjui. Nikiomba, sijui namwombea nani." Akageuka akalitazama gauni lililoning'inia, kisha akaniambia nilishushe, nilikunje, nilirudishe kwenye sanduku. Nikafanya hivyo. Nilipoketi tena aliniuliza polepole, kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka, "Na njugu zangu. Ni nani alikula?"

"Mimi, Mayi."

"Zote?"

"Zote."

"Na mayai?"

"Na mayai."

Akanyoosha mkono wake, akaitoa imondo kwenye sahani yangu kwa vidole, akairudisha kwenye sufuria, akafunika. Akachukua mwiko akatafuta ndani ya mchuzi, akatoa bawa, akaniwekea.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali."

Nikala bawa, kama mgeni yeyote.